Puyol, nahodha wangu

Jana nimerudia kutazama nusu fainali ya Kombe la Dunia 2010, Hispania na Ujerumani pale Durban. Dakika ya 73 Xavi anapiga kona, Carles Puyol, beki wa Hispania, anatokea nyuma kama mshale, kichwa, wavuni! Moja bila. Siku ile banda umiza zima tulisimama, hata waliokuwa upande wa Ujerumani.

Ila kinachonigusa zaidi ni fainali ya klabu bingwa Ulaya, Wembley 2011. Nahodha wa Barcelona ni yeye, lakini akamvisha kitambaa cha unahodha mchezaji mwenzake Eric Abidal, aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa uvimbe kwenye ini Machi ileile, ili anyanyue yeye kombe la Ulaya. Nililia, jamani. Kikosi cha kwanza 1999 hadi 2014, klabu moja tu, mpaka magoti yakagoma.