Picha ya harusi ya nyanya

Juzi nilikuwa kwa nyanya Kibokoni, Mombasa, namsaidia kupanga sanduku, ikachomoka picha yake ya harusi ya 1966. Nyeusi na nyeupe, kingo zimekatwa menomeno. Babu amekaa kitini, joho na kilemba, upanga magotini. Nyanya kasimama nyuma, mkono begani mwa mumewe, macho chini.

Nikaanza hotuba zangu: yaani mume akae, mke asimame kama askari wa zamu! Nyanya akacheka mpaka akashika mbavu. "Mjukuu wangu, babuyo alikuwa mfupi. Angesimama, ningempita kichwa kizima."

Na macho je? "Hiyo ni haya. Biarusi wa kukodoa macho angesemwa mtaa mzima."

Lakini iliyonikaa moyoni ni picha isiyokuwepo. Usiku wa kupamba, alipokaa mbele ya wanawake na hina na dhahabu zake, hakupigwa hata moja. Mpiga picha alikuwa mwanamume, na mwanamume haingii. (Siku hizi wapo wapiga picha wa kike, na simu zetu zinabaki mlangoni.)

Nikamwuliza alivaa nini usiku ule. Akafumba macho, akaanzia kwenye asumini za kichwani.