Ekari moja, ploti nane: hesabu inayobana barabara za Arua

Ukimuuliza broka (dalali wa ardhi) wa Arua, jiji la kaskazini-magharibi mwa Uganda, ekari moja inatoa ploti (viwanja) ngapi za futi 50 kwa 100, atakwambia nane. Kwenye karatasi hajakosea. Ekari ina futi za mraba 43,560, na ploti nane za kipimo hicho zinachukua 40,000. Zinabaki 3,560, na hizo ndizo atakazokuonyesha kama barabara.

Chora uone. Chukua ekari yenye futi 200 kwa 217.8. Panga ploti nne upande huu na nne upande ule, kila moja ikiwa na kina cha futi 100. Katikati panabaki njia ya futi 17.8, yaani mita 5.4 hivi. Ukitoa mita moja ya mtaro kila upande, unabaki na mita 3.4. Gari moja linapita, la pili linasubiri. Nguzo ya umeme itasimama wapi, na bomba la maji litalazwa wapi? Mtaro usipochimbwa, mvua itageuza njia yenyewe kuwa mtaro, na murram (changarawe ya barabara) itateremka kwa jirani wa chini.

Ukitaka barabara ya futi 30, kila ploti ipunguze kina kutoka futi 100 hadi 93.9. Ni futi sita tu. Ploti inashuka kutoka desimali (sehemu ya mia ya ekari) 11.5 hadi 10.8, na bado zote nane zinapatikana. Kwa hiyo barabara mbovu hazitokani na uhaba wa ardhi. Zinatokana na muuzaji kung'ang'ania maneno "50 kwa 100" kwa sababu ndiyo mnunuzi anayoyaulizia.

Kosa la pili ni kupima ekari yako kana kwamba jirani hayupo. Barabara ya futi 200 ikigonga ua wa jirani, gari la kunyonya choo litarudi kinyumenyume mita 61 nzima. Kwenye ardhi ya ukoo, kama ilivyo sehemu kubwa ya Ayivu, mojawapo ya maeneo ya jiji la Arua, dawa ni wazee wa koo zinazopakana kukaa na sevea (mpima ardhi) mmoja na kuamua barabara zitakutana wapi kabla kigingi cha kwanza hakijachomekwa. Zikiwa ekari tano au sita pamoja, kila familia inapoteza kidogo na thamani ya zote inapanda.

Wengi wanaamini sheria za mipango, zinazopanga ardhi itumikeje, ziliwafikia tarehe 1 Julai 2020, Arua ilipoanza kuwa jiji na vijiji vyao vikaingizwa ndani. Sivyo. Sheria ya mipango ya mwaka 2010 iliitangaza Uganda nzima kuwa eneo la mipango, hata kijiji chenye mihogo mitupu. Kugawa ardhi, kujenga, au kugeuza nyumba ya kuishi kuwa baa au karakana, kote kunahitaji kibali cha kamati ya mipango ya eneo husika. Muhuri wa LC1 (baraza la kijiji) unathibitisha kwamba mwenyekiti anamfahamu muuzaji na alishuhudia mauzo, hauruhusu kujenga. Hata hati miliki haikupi ruhusa hiyo: Sheria ya Ardhi ya 1998 yenyewe inasema mwenye ardhi ataitumia kwa kufuata sheria za mipango.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, nenda na sevea aliyesajiliwa mkachukue vipimo vya pembe za ploti. Vipeleke kwa afisa mipango wa jiji, umwombe akuonyeshe ploti inaangukia wapi kwenye ramani ya mpango: makazi, biashara, viwanda, au katikati ya barabara iliyochorwa ambayo bado haijafunguliwa. Hilo la mwisho ndilo linalovunja watu mioyo, kwa kuwa shambani halionekani kabisa. Kama ardhi ina hati, itafute kwenye ofisi ya ardhi ya kanda. Kama ni ya kimila, waulize majirani wa pande zote nne, na uhakikishe mke au mume wa muuzaji ameridhia kwa maandishi ikiwa familia inaishi hapo au inaitegemea kwa chakula. Ukishanunua, kibali cha kamati ya mipango kinatangulia, kibali cha kujenga kinafuata, na jengo likimalizika unaomba kibali cha kulitumia. Anayeanza na msingi akidhani makaratasi yatamfuata hujikuta anabomoa ukuta uliosogelea barabara.

Ploti za bondeni hugharimu kidogo, na sababu ipo. Kanuni za mwaka 2000 zinalinda mita 30 kila upande wa mto mdogo, kuanzia maji yanapofika yakijaa, na mita 100 kwa mito mikubwa iliyoorodheshwa, Nile ukiwamo. Ardhi oevu inashikiliwa na serikali kwa niaba ya wananchi wote, haigawiwi mtu. Pima kutoka alama ya mafuriko. Broka atakupeleka kiangazi na kupimia pale maji yalipo siku hiyo.

Wanunuzi kutoka Kongo na Sudan Kusini, ambao Arua ni wengi: asiye raia hawezi kumiliki ardhi ya kudumu Uganda, anapewa lizi tu, yaani haki ya kuitumia kwa muda, isiyozidi miaka 99. Kuandikisha ploti kwa jina la shemeji aliye raia kunamfanya shemeji kuwa mwenye ploti, si vinginevyo.

Kwenye mkataba, usiridhike na "ploti moja 50 kwa 100 yenye njia". Andika upana wa barabara kwa futi, inaanzia wapi na inaishia wapi, na kwamba muuzaji hataiuza tena. Ambatanisha mchoro wa sevea, na majirani wote wanaoitumia barabara hiyo waweke sahihi kwenye mchoro, siyo kwenye mkataba peke yake. Muuzaji akikataa kuandika upana, hesabu kwamba unanunua ploti isiyo na barabara na umlipe kwa bei hiyo.