Bata bukini wa Silver Lake

Leo jioni, Novemba ikielekea ukingoni, nimepitia Silver Lake hapa Rochester, Minnesota. Bata bukini wa Kanada wamejaa ziwa zima! Shingo nyeusi, mashavu meupe, kelele kama makonda wa Kariakoo wakigombea abiria. Kundi linakuja limejipanga angani, mara linavunjika, miguu mbele, chubwi! Aina yao kubwa kuliko zote ilidhaniwa imetoweka duniani, hadi ilipotambuliwa papa hapa mwaka 1962. Zamani mtambo wa umeme uliyapasha maji joto, ziwa likawa haligandi, nao wakazoea kukaa baridi yote. Mimi vidole vimekufa ganzi mfukoni, wao wanachovya vichwa tu. Nikasogea nipige picha, mmoja akanifokea! Nimerudi na kinyesi chao viatuni.