Safari ya Kwenda Kwao Ruge

Meli ya MV Victoria hung'oa nanga Mwanza usiku na kutia Bukoba alfajiri. Ningeweza kupanda basi nikapita Geita, Chato na Muleba mchana kweupe, lakini safari hii nilitaka muda wa kufikiri. Tarehe 26 Februari ilikuwa inakaribia, siku ambayo Ruge Mutahaba, mtu wa redio aliyewasimamia wasanii wengi wa Tanzania, alifariki mwaka 2019 akiwa kwenye matibabu Afrika Kusini. Tangu azikwe kijijini kwao Kiziru sikuwa nimekanyaga Kagera, na jambo hilo lilikuwa linanisumbua.

Bandari ya Kaskazini ilikuwa na pilikapilika zake za kawaida: wapagazi na magodoro vichwani, akina mama na ndoo za plastiki zilizopangwa moja ndani ya nyingine, watoto waliokwishasinzia migongoni. Meli ilipotoka, mzee mmoja aliyekaa karibu nami alivua kofia, akaitaja meli ya MV Bukoba iliyozama Mei 21, 1996, kisha akanyamaza. Hakuna aliyeuliza. Kila mtu wa ziwa hili ana ndugu au jirani aliyepotea siku ile.

Baadaye kijana mmoja akafungulia spika yake. Ukapigwa wimbo wa Barnaba, ukafuata wa Linah, kisha Mwasiti. Mama aliyekuwa amejifunga kitenge mpaka kifuani akasema, kana kwamba anawataja wajukuu zake, "Hawa wote watoto wa THT."

Alisema kweli. Tanzania House of Talent, yaani THT, ndiyo kazi ya Ruge ninayoiheshimu kuliko zote, hata kuliko tamasha la Fiesta lililotujazia uwanja wa CCM Kirumba. Kabla yake, kijana mwenye sauti nzuri na mfuko mtupu alikuwa akizunguka studio kwa studio akiomba arekodiwe kwa mkopo. THT iliwafungulia mlango vijana wa aina hiyo, ikawafundisha kuimba, kucheza, kupiga ala na kusimama jukwaani mbele ya bendi, wakati wasanii wengi walikuwa wamezoea kuimba juu ya CD. Ditto, Amini, Ruby, Nandy, wote walipitia hapo. Ukiwasikia leo wakiimba mubashara bila kuyumba, ujue kuna mtu aliyelipia maji, umeme na walimu kwa miaka mingi kabla ya shoo ya kwanza kuingiza shilingi. Kazi ya meneja ndiyo hiyo, na msikilizaji haioni.

Jamaa mmoja aliyekuwa ameegemea nguzo hakukubaliana nasi. "Redio yao, jukwaa lao, wasanii wao," alisema. "Asiyekuwa wao apite wapi?"

Swali hilo lina uzito na halijafa na Ruge. Alikuwa Mkurugenzi wa Vipindi na Uzalishaji wa Clouds Media Group, kampuni aliyoijenga pamoja na Joseph Kusaga, na wakati huohuo akisimamia wasanii na matamasha. Nguvu ya namna hiyo mikononi mwa watu wachache lazima iumize wengine. Msanii Sugu na wenzake waliimba kumpinga waziwazi. Mgogoro na mwimbaji Lady Jaydee mwaka 2013 ulifika mpaka mahakamani. Nilimwambia yule jamaa kwamba anayemkumbuka Ruge na kuyaruka haya anamkumbuka nusu. Alitikisa kichwa kukubali, ila akaongeza kwamba hata yeye alihudhuria semina ya Fursa ya Clouds, na duka lake la vipuri vya pikipiki lilianzia pale. Tuliongea mpaka bandari ya Kemondo.

Bukoba ilitupokea kwa mvua nyepesi. Nilikunywa chai, nikala matoke kwa maharage, kisha nikachukua bodaboda kwenda Karabagaine, kata kilipo kijiji cha Kiziru. Njia ni ya udongo mwekundu, migomba pande zote, mibuni chini yake. Nilikuwa nikimuwaza mtu aliyezaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1970, akasoma chuo San Jose, California, akafanya kazi maisha yake yote katikati ya kelele za Dar es Salaam, kisha akarudishwa kwenye kibanja cha ukoo kama Mhaya yeyote. Alikuwa na miaka 48 tu.

Pale Kiziru sikuingia uani. Ni nyumba ya watu, na sikuwa nimealikwa. Nilisimama barabarani, nikamwombea. Mzee mmoja aliyepita na mundu begani aliniuliza nimetoka wapi, nami nikamjibu. "Karibu waitu," akasema, akanipa kahawa ya kutafuna iliyofungwa kwenye jani la mgomba. Alikumbuka mazishi ya Machi 4, 2019, jinsi magari yalivyojaa mpaka watu wakatembea kwa miguu, na jinsi wajukuu zake walivyowatazama kwa macho yao wasanii waliowasikia redioni tu. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia kwa mkulima wa umri wake: "Walilia kama waliofiwa na baba, na baadhi yao walikuwa wamegombana naye."

Jioni, mjini, nilikutana na kijana anayemsimamia mwimbaji mmoja wa hapohapo Bukoba. Hana ofisi. Ana simu, daftari, na deni la studio. Aliposikia nilikotoka, hakutaka hadithi za Fiesta. Alitaka kujua meneja anastahili asilimia ngapi, na nani alipe mafuta ya gari wakienda kupiga shoo Muleba. Nilimwambia waandikiane mkataba kabla ya shoo hiyo, kila mmoja abaki na nakala yake, na gharama zihesabiwe mbele ya msanii. Akampigia mwimbaji wake simu palepale. Tukakaa watatu mpaka mgahawa unafungwa, tukipitia daftari ukurasa kwa ukurasa.