Nje, ndani, ndani: nilivyocheza tinikling Dubai

Nina mwaka wa tatu Dubai, jikoni kwenye hoteli, na zamu yetu ya asubuhi karibu wote ni Wafilipino. Mimi peke yangu natoka Tanga. Anayetuongoza sote tunamwita Ate, yaani dada mkubwa, hata walio wakubwa kuliko yeye. Wiki tano kabla ya sherehe yao ya uhuru alinifuata kwenye ubao wa kukatia: kundi lao la ngoma limepungukiwa mtu, mwenzao amehamishiwa Abu Dhabi. Akaniambia, "Wewe nakusikia unavyokata vitunguu. Una mdundo. Njoo."

Ngoma yenyewe ni tinikling, asili yake kisiwa cha Leyte huko Ufilipino, na jina limetokana na tikling, ndege wa miguu mirefu anayepita mbiombio kwenye majani na mashamba ya mpunga. Watu wawili huchuchumaa wakielekeana, wameshika fito mbili ndefu za mianzi. Fito zinagonganishwa mara moja, kisha zinaachanishwa na kupigwa chini mara mbili. Zikigongana, miguu iwe nje. Zikiachana, uko ndani. Ni hayo tu, nayo yalinitoa jasho wiki mbili nzima.

Tulifanyia mazoezi juu ya paa la nyumba wanayokaa, baada ya isha, joto likiwa bado halijatoka kwenye saruji. Mianzi haikuwa imepatikana, tukatumia mabomba ya plastiki. Mimi nimekulia kwenye chakacha, ngoma ya nyonga; mguu kwetu unafuata kiuno. Hapa kiuno kinatulia, kazi yote ni ya kifundo cha mguu. Lakini shida yangu kubwa ilikuwa jicho. Nilikuwa nikiyatazama mabomba, na ukishaliona linakuja, mguu umeshachelewa.

Ate akanigeuza. Usiku mbili nilisimama nimeyapa mabomba mgongo, sichezi, napiga makofi tu na kuhesabu kwa sauti. Nilihesabu kwa lugha yangu: nje, ndani, ndani. Usiku wa tatu aliponirudisha katikati, miguu iliinuka yenyewe. Kwa anayetaka kujifunza, ningemwambia aanze hivyo hivyo, kwa sikio. Wiki iliyofuata hata wapiga fito walikuwa wanasema nje, ndani, ndani.

Mavazi yalinitia wasiwasi, kwa kuwa ngoma inachezwa miguu mitupu na sketi inarushwa. Nilimweleza Ate, akanishonea mtandio wa kitambaa kile kile cha blauzi, na ndani nikavaa suruali nyeusi ya kubana. Hakuna aliyeniuliza neno. Kwenye chakula siku ya sherehe vilevile: alinifundisha kuuliza "May baboy ba?", kama kuna nguruwe, na kila meza walinijibu kwa uangalifu, wengine wakanielekeza kwa wenzao Waislamu wa Mindanao, kisiwa cha kusini mwa Ufilipino.

Kwenye meza moja nilikuta bibingka, nikasimama. Mchele, tui la nazi, imewekwa juu ya jani la mgomba. Muuzaji akaniambia hii imeokwa kwenye oveni, lakini kwao makaa yanawekwa chini na juu. Huo ni mkate wa kumimina! Nilimwona mama yangu anapalia makaa juu ya kifuniko. Nilinunua mbili, nikala moja pale pale nimesimama.

Jirani yangu kwenye viti alinieleza kwa nini tarehe ni 12 Juni. Siku hiyo mwaka 1898, katika mji wa Kawit, Emilio Aguinaldo alitangaza uhuru kutoka kwa Wahispania. Wamarekani wakaja wakatawala, uhuru wakautoa 4 Julai 1946, na kwa miaka mingi hiyo ndiyo ilikuwa sikukuu, hadi Rais Diosdado Macapagal alipoirudisha 12 Juni mwaka 1962. Walichagua siku waliyojitangazia wenyewe. Nilimwelewa sana.

Zamu yetu ilipofika niligundua fito ni za mianzi kweli. Sauti yake nzito, tofauti kabisa na plastiki, na mzunguko wa pili fito moja ikanigusa kifundo cha kushoto. Haikuniumiza, ila hesabu ilinipotea. Nikainua macho nikayakaza kwenye taa za mwisho wa ukumbi, nikaanza kuhesabu kwa sauti. Mdundo ukapanda, ukapanda tena, sketi zinaruka, watu wanapiga makofi, na sikuguswa mpaka mwisho.

Mama yake Ate alikuwa amekuja kumtembelea kutoka Leyte, amekaa mstari wa mbele. Nilimwendea nikafanya kama nilivyofundishwa: niliushika mkono wake, nikainama, nikaugusisha kwenye paji la uso wangu, nikasema "Mano po." Kwangu ile ni shikamoo. Hakuniachia mkono. Aliongea kwa kilugha chao, Ate akatafsiri: anauliza yale maneno uliyokuwa unahesabu ni ya wapi.

Nikamwambia ni ya kwetu, Tanga. Akaanza kuyasema taratibu, akigonga goti lake kwa kiganja: nje, ndani, ndani.