Apu za simu kwenye laptopu, yaliyonikuta

Mwezi uliopita simu iliniponyoka ngazini, inawaka vizuri tu ila tachi imekufa kabisa, fundi akanitajia bei ya kioo nikamwambia "ngoja narudi", na nyote mnaijua ile ngoja narudi. Nikawaza, si nina laptopu? Natupia imuleta ya Android, yaani programu inayoigiza simu ndani ya kompyuta, naweka apu zangu zote humo, maisha yanasonga.

Wee! Kwanza bando limekwisha kwenye kudaunlodi. Halafu eti kuna kitu lazima ukakiwashe kwenye BIOS, ile mipangilio ya kompyuta inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, mwenye laptopu ya mtumba RAM GB 4 anajuaje hayo? Ilipowaka, feni ikaanza kulia kama mashine ya kusaga. Apu ya benki ikafunguka, ikagundua hii siyo simu, ikajifunga. Ya kutuma hela nayo inataka laini iwe humohumo kwenye kifaa, sasa laini niichomeke wapi, kwenye tundu la USB?

Ila nikikumbuka Microsoft wenyewe walishindwa naona siyo mimi tu. Mwaka 2021 walitangaza Windows 11 itafungua apu za Android, watu tukashangilia, kumbe zinapitia duka la Amazon na huduma za Google hamna, wakati apu kibao bila hizo huduma, ramani haifunguki na meseji haziingii kwa wakati. Machi 2024 wakasema basi, mwaka mmoja mbele wakazima. Na usiseme tatizo ni mashine tu, maana kompyuta za Apple, Mac zenye chipu ya M1 zilizotoka 2020, zinafungua apu za iPhone bila imuleta, chipu ni ukoo mmoja, lakini waliotengeneza apu wameruhusiwa kukataa na wengi wakakataa. Binafsi siwalaumu sana, kitu kimepangwa kwa ajili ya kidole gumba, ukikifungua kwa mausi kinakaa katikati ya skrini kama kijistempu.

Nikahamia kwenye brauza. Barua pepe sawa, YouTube sawa. WhatsApp Web nayo ipo tangu 2015, ila kuiunganisha lazima ubonyeze kwenye simu, na simu ndo hiyo haibonyezeki!

Nikarudi kwa fundi kichwa chini. Akacheka, akatoa kiwaya cha OTG, kile cha kuchomekea vitu vya USB kwenye simu, akachomoa mausi ya kompyuta yake akaichomeka kwenye simu yangu, mshale huo kwenye kioo. "Bro, nunua hiki kiwaya, ukipata hela ya kioo utakuja."

Hii posti naandika hivyohivyo, simu mezani, mausi mkononi.