Kutoka mboni hadi nyota: kipimio kimeanza kusoma

Wiki ya tisa ya kujenga kipimio kinachosoma jinsi hewa inavyopinda mwanga wa nyota, ili baadaye kioo kiunyooshe. Baada ya miaka kadhaa ya kupiga picha za retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), nilidhani kuhamia kwenye nyota ni kutoa jicho na kuweka darubini, basi. Anga imeninyoosha.

Kwenye jicho, unapitisha mwale hafifu wa infraredi kwenye mboni, retina inaurudisha, nao ukitoka unakutana na safu ya vijilenzi. Kila kijilenzi kinachora nukta moja kwenye kamera. Nukta ikihama, unajua wimbi la mwanga limepinda kiasi gani mahali hapo, na kioo kinachojikunja kinapinda kinyume chake. Kwa njia hiyo watafiti Liang, Williams na Miller, kule Rochester, Marekani, walipiga picha za koni (seli za kuonea rangi) za jicho la mtu aliye hai mwaka 1997. Wazo lenyewe lilitoka kwa wanaastronomia: mmoja wao, Babcock, alilipendekeza mwaka 1953. Kumbe mimi narudi njia ambayo watu wa macho waliijia.

Darubini yangu ina upana wa sentimita 20, f/10 (yaani urefu wa fokasi ni mara 10 ya upana). Kwa mazoea ya maabara nilifunga lenzi yenye fokasi ya milimita 30, hivyo mwale ukawa na upana wa milimita 3, vijilenzi 20 kutoka ukingo hadi ukingo. Sirius ilisomeka vizuri. Nyota hafifu zaidi zilizama kwenye kelele za kamera. Jichoni taa ni yangu, naongeza mwanga hadi kiwango salama cha retina. Na nikikosa mwanga narefusha muda wa picha, maana jicho hubadilika polepole. Hewa haisubiri hata milisekunde 10.

Nimeweka lenzi yenye fokasi ya milimita 7.5. Sasa ni vijilenzi 5 tu, lakini kila kimoja kinapata mwanga mara 16. Hewa yenyewe kwa kawaida huvuruga wimbi kwa vipande vya sentimita 10 hivi, kwa hiyo vile 20, kila kimoja kikisoma sentimita 1 tu ya darubini, vilikuwa anasa.

Juzi nukta ya katikati ilikosekana. Nilifungua kila kitu, nikasafisha, nikafunga, bado. Saa mbili baadaye ndipo nikakumbuka kwamba kioo kidogo cha mbele kinaziba katikati ya darubini! Jicho halina kitu kama hicho.

Kinachobaki ni programu. Inachukua milisekunde 12 kukokotoa jinsi wimbi lilivyopinda. Nataka zisizidi 3 kabla sijagusa kioo kinachojikunja.